Yakini Kabla ya Risasi: Darubini ya Mwindaji na Mipaka ya Kuona

Swali la iwapo binadamu ana haki ya kuua mnyama limejadiliwa kwa karne nyingi na wanafalsafa na wanazuoni wa dini, lakini swali jirani yake, la mwindaji anapaswa kujua nini kuhusu mnyama kabla ya kufyatua risasi, limeachiwa zaidi wauza vifaa. Ndiyo maana uchaguzi wa darubini ya jicho moja, ile ndefu inayofungwa juu ya stendi ya miguu mitatu, huzungumzwa kana kwamba ni suala la uzito na bei tu, ilhali chombo hicho huweza kuamua iwapo mwindaji ataua kwa yakini au kwa dhana. Katika elimu ya wanazuoni wa Kiislamu, yakini ni ujuzi usiobakiza shaka, na dhana ni maoni yanayoelemea upande mmoja bila kuufikia uhakika.

Usukumani, nchini Tanzania, panafaa kulipimia swali hili. Wanachama wa Bununguli, chama cha jadi cha wawindaji wa nungunungu, hawakuhitaji kuona mbali: walitambaa ndani ya mashimo yenye giza, ambamo nyoka naye aliweza kuwa mwenyeji, na hatari ya mwindaji ilikaribiana na ya mawindo. (Mchimbaji mdogo wa Geita anayeshuka kwenye duara, yaani shimo la machimbo, pengine angewaelewa upesi kuliko mtalii mwenye bunduki.) Uwindaji wa kitalii umeugeuza mpangilio huo. Katika Pori la Akiba Maswa, eneo lililokuwa chini ya Mkoa wa Shinyanga hadi Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012, mwindaji anaweza kupanda juu ya miamba ya itale na kumchunguza mnyama asiyejua kuwa anachunguzwa. Kigosi, pori lililoenea kuelekea Geita, Kahama na Tabora, lina miombo na maeneo oevu yanayomrudisha kwenye nyayo, na huko msoma nyayo hushinda lenzi yoyote.

Suala hili la ukaribu wa mnyama limo pia katika Qurani: Sura ya Al-Maida, katika aya ya 94, inazungumzia waumini kujaribiwa kwa mawindo yanayofikiwa na mikono na mikuki yao, jambo ambalo wafasiri hulihusisha na watu walio katika ihramu, hali ya ibada ya hija ambamo kuwinda ni haramu. Kinachozingatiwa hapo ni kwamba mtihani umo katika wepesi wa kufikia: mnyama aliye karibu ndiye anayefichua kama mtu anamcha Mungu pasipo shahidi. Lenzi imemfanya hata mnyama wa mbali awe karibu, na kwa hiyo imeupanua uwanja wa mtihani. Mwanafalsafa wa Uhispania José Ortega y Gasset, akiandika mwaka 1942, alidai kwamba kadiri silaha zilivyoboreka ndivyo wawindaji walivyojiwekea mipaka, kwa sababu pasipo nafasi ya mnyama kuponyoka uwindaji hupoteza maana yake. Hoja hiyo inaibana sana bunduki ya masafa marefu, lakini haiitoshi darubini, ambayo haiui, na ambayo mara nyingine ndiyo inayomnusuru mnyama.

Simba wa Maswa, pori linalopakana na Serengeti, ni mfano ulio wazi kuliko yote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 katika jarida la Nature, uliotegemea kumbukumbu za miaka mingi za simba wa Serengeti, ulionyesha kwamba madume wakiachwa hadi wapite umri wa kulea watoto wao, uwindaji hauathiri sana idadi ya simba, ilhali dume kijana akiuawa, dume mgeni huingia kundini na kuua watoto. Kanuni za uwindaji wa kitalii za Tanzania za mwaka 2010 ziliweka kiwango cha miaka 6. Umri huo unakadiriwa kwa ishara kadhaa, mojawapo ikiwa ni pua, ambayo kwa dume mchanga ni ya waridi na hujaa madoa meusi kadiri anavyokua. Hatima ya kundi zima, basi, inaweza kutegemea rangi ya ngozi isiyozidi upana wa kiganja.

Hapo ndipo kigezo cha kuchagua kinapobadilika. Ukuzaji mkubwa huvutia mnunuzi, lakini lenzi ya mbele yenye kipenyo cha milimita 60 ikikuza mara 60 hupeleka jichoni mwale wa milimita 1 tu, na jioni pua yote huonekana nyeusi. Ile ya milimita 80 ikikuza mara 40 hupeleka milimita 2, na rangi hubaki. Saa za adhuhuri hewa iliyochemka juu ya mawe huyumbisha taswira, na hapo kukuza zaidi ni kukuza mchemko. Stendi nyepesi mno humpa mchukuzi nafuu mlimani, kisha upepo huitikisa, na mtikiso huo hukuzwa sambamba na simba. Afadhali miguu mizito kidogo, nguzo ya kati ikiwa imeteremshwa na mfuko wenye mawe ukining'inizwa chini yake. Katika hadithi ya sahaba Adi bin Hatim, Mtume Muhammad anakataza kula mawindo yaliyokutwa majini, kwa kuwa haijulikani kama yaliuawa na mshale au na maji. Shaka hiyo ni ya baada ya mshale. Pua isiyosomeka ni shaka ya kabla yake, na ni vigumu kuona kwa nini iwe nyepesi zaidi.

Linabaki suala la shahidi. Mgeni anayelipia kibali hawindi peke yake: yupo mwindaji bingwa, yaani mwenye leseni ya kuwaongoza wageni, yupo askari wa wanyamapori, na yupo msoma nyayo, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye jicho zuri kuliko wote na sauti ndogo kuliko wote. Darubini yenye kioo cha kutazamia kilichopinda, badala ya kilichonyooka, huwawezesha watu wa vimo tofauti kuinama kwa zamu bila kuisogeza stendi, hivyo pua ileile huthibitishwa au kukanushwa na macho matatu au manne; na msoma nyayo akisema simba huyo bado ni kijana, yakini ya mgeni imekwisha kuvunjika, hata kama bunduki ni yake.