Nani Aliukaza Mkanda?

Mashine ya kusaga ya mama ipo Bagamoyo, upande wa barabara ya Msata, na ndiyo iliyonisomesha. Mwaka juzi nilikwenda kumsaidia wiki moja. Mkanda ulikuwa unateleza, unapiga kelele kila debe la mahindi likimiminwa, na wateja wa dona wamejaa hadi nje. Nikamwambia fundi aukaze.

"Mwanangu, hapa umetosha. Huu umechakaa tu, tununue mwingine."

Akaubonyeza katikati kwa dole gumba nione. Toka puli hadi puli ni kama mita moja. Kwa urefu huo unatakiwa ubonyee kiasi cha milimita 16, basi. Mimi na digrii yangu nikaona anataka kutumaliza hela. Kaza, mzee. Akaivuta mota nyuma, mkanda ukawa kama uzi wa gitaa. Kelele ikaisha, nikajiona mjanja.

Kumbe mkanda uliolegea hujiumiza wenyewe: unateleza, unapata moto, unanuka mpira. Uliokazwa kupita kiasi huumiza wengine kwanza. Unavuta shafti, na mzigo unaiangukia beringi, ambayo huioni wala hukuiuliza. Ya kwetu ilikufa wiki ya tatu, nimesharudi Dar. Mama akamkata fundi mshahara. Aliponisimulia kwa simu nikasema, "Pole mama," nikaishia hapo.

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, walisema wahenga. Nimekulia mji wa TaSUBa, nimeona ngoma zikiotwa motoni hadi ngozi ikaze, na siku zote niliusikia msemo huo kama habari ya ubinafsi tu. Lakini je, kama anayevutiwa ngozi siye aliyeshika kamba? Wapo watakaosema fundi alijua, angekataa. Angekataaje mbele ya mtoto wa bosi, foleni ikimtazama? Yeye kutii kulikuwa na bei na aliijua. Mimi kuamuru hakukunigharimu hata shilingi, na nadhani ndiyo maana niliamuru kirahisi vile.

Mwezi uliopita nikamweleza mama ukweli. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nimeshakula. Nikaenda kwa fundi na pesa yake kwenye bahasha. Hakuipokea.

"Mpe mama yako," alisema. "Yeye ndiye aliyenikata."

Mama bado hajampa.