Kurudisha Kinamasi na Haki ya Mkulima

Twaulizwa: je, ni haki kuiacha ardhi inayolimwa irudi kuwa kinamasi, hali watu wana njaa? Suali hili halifai kujibiwa kwa hamaki. Yatupasa kulitia katika mizani.

Na tuitazame Delta ya Mto Tana, iliyo jirani yetu. Tangu zama za wazee, Wapokomo hulima kandokando ya mto kwa kutegemea mafuriko, na Waorma huteremsha ng'ombe wao huko wakati wa kiangazi. Maji yakipanda huleta rutuba. Yakishuka huacha majani na samaki. Kisha yakajengwa mabwawa makubwa huko juu, likiwemo la Masinga la mwaka 1981, na mwendo wa mafuriko ukabadilika. Huku chini yakajengwa matuta ya mradi wa mpunga. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yakayaharibu. Mwaka 2012 delta ikaingizwa katika orodha ya Ramsar ya vinamasi vyenye umuhimu kwa ulimwengu. Na mwaka huo huo, kwa ugomvi wa ardhi, maji na malisho, pamoja na fitina za siasa, ndugu wa bonde moja wakauana, wakafa zaidi ya watu 100.

Faida ya kinamasi ni dhahiri. Hupokea maji yajayo kwa ghafla, huyaweka, kisha huyatoa kidogo kidogo. Huchuja matope, na ndani yake samaki huzaana. Hasara yake nayo ni dhahiri: mkulima hukosa mavuno yake, mbu huzidi, viboko na mamba husogea karibu na nyumba.

Lakini hizi si hasara na faida za mtu mmoja, na hapo ndipo penye uzito. Faida hugawika kwa wengi. Hasara humwangukia mwenye shamba peke yake. Sisi watu wa miji twala samaki na maembe ya Tana, wala hatumlipi mtu hata pishi moja kwa ajili ya maji yaliyoyalea. Hata hivyo, mkulima naye asidhani kuwa tuta lake ni lake tu, kwani maji linayoyazuia huenda yakamwingilia jirani, na malisho linayoyakata ni uhai wa mwenziwe.

Basi rai yetu ni hii. Kianzwe kurudishwa kinamasi pale ambapo kilimo kimekwisha kushindwa. Asiondolewe mtu shambani kabla ya kupewa riziki nyingine anayoiridhia. Wenye kufaidika walipe. Na mkulima, mfugaji na mvuvi wakae baraza moja kabla ya jembe la kwanza kuvunja tuta, si baada yake. Maji yaliyorudishwa kwa dhulma hayatakomesha ugomvi. Yatauhamisha tu kutoka mlango huu hadi mlango ule.