Ufa Huzibwa kwa Mabega ya Nani?

Wahenga waliposema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, walikuwa wakiwaasa watu wa nchi kavu. Baharia hana ukuta wa kujenga. Asipoziba ufa, huzama. Ndiyo maana baharini kutengeneza chombo huhesabiwa kuwa wema usiohitaji hoja. Hata hivyo, yafaa kuulizwa: je, kila matengenezo ni mema?

Mto Rufiji, unapoikaribia Bahari ya Hindi mkabala na Mafia, hugawanyika midomo mingi, na kati ya midomo hiyo vimekaa visiwa vya mikoko. Majahazi yaliyokwenda huko kupakia boriti yalijua kwamba mto huo hauna gudi. Maji yakipwa, chombo hukaa juu ya tope, na mabaharia hupata saa chache tu za kugongomea pamba katika nyufa kabla maji hayajajaa. Yakijaa kabla kazi haijesha, hufua maji huku wakiendelea na safari. Hapo azibaye ufa na ambaye angezama ni mtu yule yule. Matengenezo ya namna hiyo hayana utata: mkono umejiokoa wenyewe.

Visiwa hivyo hivyo, hata hivyo, vilishuhudia matengenezo ya namna nyingine. Tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyokuwa imesimama bandarini Unguja kwa matengenezo ya mitambo. Makaburi ya mabaharia wake yako Chapwani hadi leo. Muda si muda, mitambo ya Königsberg nayo ikaharibika, ikarudi kujificha katika mikoko ya Rufiji. Sehemu za mitambo hiyo ziliburutwa nchi kavu, zaidi ya kilomita 100, hadi karakana za Dar es Salaam, kisha zikarudishwa. Walioziburuta walikuwa Waafrika. Meli ilitengenezeka, lakini haikutoka tena: Waingereza waliiziba njia, na tarehe 11 Julai 1915 ikaangamizwa mtoni. Mizinga yake 10 iliopolewa, nayo ikaendelea na vita barani, vita ambavyo pande zote mbili zilivipigana kwa mabega ya wapagazi, wakafa kwa maelfu.

Mwanafalsafa wa Austria, Otto Neurath, aliifananisha elimu ya wanadamu na chombo ambacho mabaharia hulazimika kukiunda upya wakiwa bahari kuu, pasi na bandari ya kukipandisha. Mfano huo ni mzuri, ila unachukulia kwamba wote wahusikao ni mabaharia. Rufiji inafundisha kwamba wapo wasiokuwa mabaharia wala abiria. Ni mabega tu. Chombo kikipona, safari si yao. Kikizama, hasara hawakosi.

Huenda mtu akapinga kwamba hakuna chombo kinachotengenezwa na wenyewe peke yao, kwani fundi naye huziba ufa wa jahazi asilolipanda. Ni kweli. Lakini fundi huitwa kwa jina lake, hupatana ujira, na anaweza kukataa. Walioburuta vyuma vya Königsberg historia inawataja kwa jumla, kama inavyotaja uzito wa mzigo. Tofauti basi haiko katika kazi, iko katika ridhaa. Na hata ridhaa haitoshi, maana fundi aliyeridhia kukiponya chombo cha kwenda kuua, naye ana fungu lake katika mauaji.

Kwa hiyo anayewahimiza watu kuziba ufa, uwe wa chombo au wa nchi, anadaiwa majibu mawili kabla nyundo haijainuliwa: chombo hiki kikipona kinakwenda wapi, na wanaokibeba leo watapandishwa kesho? Asiye na majibu hayo hatengenezi chombo. Anauhamisha ufa tu, kutoka katika mbao kwenda katika watu.