Tunza Daftari la Hospitali

Wanangu, mwaka 2007 nchi nzima ilishikwa na butwaa kwa habari ya Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili. Wagonjwa wawili waliokuwa na jina moja walipishanishwa: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Kosa la namna ile halitafutiwi shahidi, kovu linajieleza. Mimi nataka kuwaonya juu ya kosa lisilo na kovu. Mtu anakwenda zahanati na uvimbe, anaambiwa si kitu. Anarudi, anaambiwa UTI sugu, safari nyingine taifodi, safari nyingine vidonda vya tumbo. Siku ugonjwa unapopata jina lake, yuko kwenye foleni ya hospitali ya saratani ya Ocean Road na mwaka umeshakatika. Ndugu wanapandwa na hasira, wanaapa watashtaki, na hasira hiyo inaishia msibani.

Nilikuwa karani wa masjala ya mahakama mpaka nikastaafu. Watu hawa niliwapokea dirishani. Wengi walikuwa na haki, walichokosa ni karatasi.

Alikuja kijana mmoja, mkewe alifariki akiwa na mtoto wa kunyonya. Kilianza kivimbe kwenye titi la kushoto, zahanati wakasema ni maziwa yameganda, akande kwa maji ya moto. Kila alipopeleka mtoto chanjo alikitaja, na jibu likawa lilelile. Kijana akamimina mfuko wake mbele yangu: cheti cha kifo, picha ya harusi, na lile daftari la shule ambalo zahanati humwandikia mgonjwa maelezo. Nikalifungua. Kurasa za mbele zilikuwa zimechanwa. Zilizobaki zilijaa michango ya msiba: sukari kilo kumi, unga, elfu tano ya balozi. Siku ya kwanza ya kivimbe, alichosema mgonjwa na alichojibu mhudumu, vyote viliandikwa kwenye zile kurasa zilizokwenda.

Shikeni hili: ugonjwa hakuuleta daktari. Mkishtaki kuchelewa, mnachodai ni muda. Hakimu atauliza, tabibu mwenye uangalifu wa kawaida angeushuku ugonjwa huu lini, na angefanya nini siku hiyo? Kipimo hicho mawakili wanakiita Bolam, kutokana na kesi ya Uingereza ya mwaka 1957: daktari hapimwi kwa malaika, anapimwa kwa madaktari wenzake wa kada yake. Tabibu wa zahanati hatadaiwa kujua anachokijua bingwa wa Muhimbili. Atadaiwa kujua kwamba kivimbe kisichoondoka kinaandikiwa barua ya rufaa.

Swali la pili ndilo linalozika kesi nyingi. Je, angegundua mapema, mambo yangekuwa tofauti? Mwaka 2005 majaji wa juu kabisa wa Uingereza waliamua kesi ya Gregg dhidi ya Scott. Mgonjwa alikuwa na uvimbe chini ya kwapa, daktari akasema ni mafuta tu, kumbe saratani, na miezi kama tisa ikapotea. Wataalamu wakaeleza kwamba nafasi yake ya kuishi miaka kumi ilishuka kutoka asilimia 42 hadi 25. Uzembe ulikubalika, lakini alishindwa, majaji watatu kwa wawili, kwa sababu hata siku ya kwanza nafasi yake haikufika nusu. Binafsi naona wale wawili walioshindwa walikuwa na utu zaidi. Hukumu za kule haziwafungi majaji wetu, ila wakili wa hospitali ataiweka mezani, na nyinyi mtahitaji daktari bingwa wa kusimama aseme ugonjwa ulikuwa hatua gani mwanzoni na gani mwishoni. Kumpata si kazi ndogo. Madaktari hawapendi kutoa ushahidi dhidi ya wenzao.

Na yapo magonjwa yanayojificha hata kwa bingwa. Kuchelewa peke yake si uzembe. Akiwaambia hivyo wakili mwaminifu, msimkimbie mkatafute kishoka wa nje ya mahakama atakayewaahidi mamilioni.

Sasa saa ya sheria. Kwa Tanzania Bara, dai la madhara linakufa baada ya miaka 3. Ukidai kwamba hospitali binafsi ilivunja mkataba wa tiba, unapata miaka 6, lakini msilale kwa kutegemea hiyo. Kama kituo ni cha Serikali, ikiwamo zahanati ya halmashauri, ni lazima kwanza upeleke notisi ya maandishi ya siku 90 kwa mamlaka husika, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kisha kesi inafunguliwa Mahakama Kuu, na huyo Mwanasheria Mkuu anaunganishwa. Ukiruka notisi, shauri linatupwa kabla hata jina la ugonjwa halijatajwa. Nimeona majalada ya namna hiyo yakirudi masjala yakiwa membamba kama yalivyoondoka.

Ulizeni pia mwenye kituo ni nani. Hospitali teule ya wilaya inaweza kuwa ya dayosisi huku baadhi ya watumishi wakilipwa na Serikali. Mali ya kanisa hushtakiwa kwa jina la bodi ya wadhamini iliyosajiliwa, si kwa jina la kibao cha getini.

Mgonjwa akishafariki, dai la marehemu linabebwa na msimamizi wa mirathi. Hapo ndipo ukoo unapowaponza. Kikao cha kumpendekeza kinaahirishwa kwa sababu shangazi hajafika kutoka Tabora, muhtasari hausainiwi kwa sababu ya ugomvi wa shamba, na miaka 3 inatembea. Teueni msimamizi, shamba mtagombana baadaye.

Mkiwa na uchungu na mtu kuliko na fedha, mlango upo: Baraza la Madaktari Tanganyika kwa daktari, Baraza la Uuguzi na Ukunga kwa muuguzi. Baraza linaweza kumwonya, kumsimamisha au kumfuta kwenye daftari lake. Fidia halitoi.

Kuhusu karatasi, anzeni mgonjwa angali hai. Pigeni picha kila ukurasa wa daftari siku hiyohiyo. Ujumbe wa malipo kwenye simu msiufute, una tarehe na saa. Majibu ya maabara, filamu ya eksirei, barua ya rufaa, hata karatasi ya duka la dawa. Ombeni nakala ya faili kwa barua na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kuona taarifa zake. Wakigoma, mahakama inaweza kuamuru zitolewe. Asiye na fedha ya wakili aende Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, au TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, kama ni mwanamke, au kwa wasaidizi wa kisheria wa wilayani.

Na mjue kwamba kesi ya madai hupitishwa kwenye usuluhishi kabla ya kusikilizwa, kwa hiyo kuyamaliza kwa mazungumzo si aibu. Ila wapo wanaokuja mapema zaidi, siku ya tanga, watu wawili wastaarabu wenye bahasha ya rambirambi na karatasi ya kutia saini kuonyesha imepokelewa. Mistari ya chini, kwa herufi ndogo, inasema familia haina madai mengine yoyote. Wakaribisheni, wapeni chai. Bahasha pokeeni kama mkitaka, karatasi mwambieni mjomba aiweke mfukoni mpaka wakili aisome.