Dhamiri Mstarini: Kura za Mchujo Kasese na Bwera

Kura ya mchujo, yaani uchaguzi ambao chama huteua mgombea wake, huzua swali la kimaadili: je, mtu anawajibika kuchagua mbele ya macho ya wenzake? John Stuart Mill alidai mwaka 1861 kwamba kura ni amana ya umma, hivyo itolewe hadharani, ingawa alikiri kuwa siri hufaa pale mpiga kura anapokuwa chini ya nguvu za wengine. Nchini Uganda, mwaka 2015 wajumbe wa chama cha upinzani cha FDC walimteua Kizza Besigye kuwa mgombea urais badala ya Mugisha Muntu, na mwaka uliofuata wilaya ya Kasese, magharibi mwa nchi, ikampa Besigye kura nyingi za urais; chama tawala cha NRM, kwa upande wake, kilitumia mlolongo, yaani wapiga kura kupanga mstari hadharani nyuma ya wakala wa mgombea wamtakaye, katika michujo ya ubunge ya 2020. Katika mji wa Bwera, wilayani Kasese karibu na mpaka wa Mpondwe, anayesimama nyuma ya wakala huonwa na shemeji yake, mchungaji wake na mwenye duka anayemkopesha sukari. Ungamo la Mill lina uzito zaidi kuliko dai lake hapo, hasa kwa kuwa mauaji ya Novemba 2016 kwenye kasri la ufalme wa Rwenzururu, mjini Kasese, bado yanakumbukwa, na anayechambua matokeo ya mistari hiyo kama ushahidi wa itikadi tupu anajidanganya.