Bolti Iliyokatika

Jumamosi nilikuwa nafungua ekzosi ya gari langu hapo nyumbani, bolti moja ikakataa kabisa. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana hubana hivyo. Kijana wangu wa miaka 14 akasema, "Baba, tuitie dizeli, tuigongegonge, tungoje mpaka kesho." Nikamfokea anyamaze, ati yeye ndiye fundi? Nikachomeka paipu kwenye spana, nikavuta kwa nguvu zote. Kichwa kikakatika, shina likabaki ndani. (Fundi alikuja kulitoboa na drili. Hiyo bei tuiache tu.)

Jioni nilimwomba kijana msamaha. Lakini usingizi ulikataa. Je, bolti ingefunguka? Ningeingia nyumbani nikijisifu, na yeye angelala akidhani alikosea, ilhali maneno niliyomtupia ni yale yale. Basi nilitubu kosa, ama nilitubu hasara?

Nikaenda nikamwamsha. Nikamwambia, "Hata ingefunguka, ningekuwa nimekukosea."

Akanyamaza kidogo. "Lakini Baba, ingefunguka, ungekuja kuniambia?"

Nilikaa pale kitandani kwake muda mrefu.