Nyota ya Kuongozea na Swali la Yakini

Malindi iko takribani digrii 3 kusini mwa ikweta, na kwa hiyo ncha ya anga ya kusini, yaani nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka, hukaribia mno upeo wa macho hata mhimili wa darubini usielekezwe kwayo kwa urahisi. Hapo kamera ndogo huifuata nyota moja, na kompyuta huirekebisha darubini kila inapopotoka. Je, masahihisho ya daima yaweza kushika nafasi ya yakini, ujuzi usio na shaka, ambayo mwanazuoni wa Kiislamu Al-Ghazali (aliyefariki 1111) aliitafuta kwanza? Kwa kiasi tu: mhimili ukikosea, nyota iliyochaguliwa hutulia, lakini nyingine zote huchora vijitao kuizunguka.